Je, wajua kwa nini lita moja ya petroli hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa?

Weka lita moja ya petroli kwenye mizani. Haifiki hata kilo: ni gramu 740 hivi. Imimine kwenye tangi, endesha gari mpaka iishe, na kwenye bomba la moshi zitakuwa zimetoka kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Uzito huo wa ziada umetoka wapi?

Umetoka hewani. Petroli karibu yote ni kaboni na haidrojeni. Ikiungua, kila atomu ya kaboni hunasa atomu mbili za oksijeni kutoka kwenye hewa inayovutwa na injini. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, ya oksijeni 16. Jumlisha 12, 16 na 16 upate 44. Kwa hiyo kila kilo 12 za kaboni zinazoingia kwenye injini hutoka zikiwa kilo 44 za hewa ukaa. Lita ya dizeli hutoa zaidi, kilo 2.7 hivi, ila injini yake hula mafuta kidogo, hivyo kwa kilomita hazipishani sana.

Gesi asilia ina nafuu kwa sababu hiyohiyo ya hesabu. Sehemu yake kubwa ni methani, ambayo kila atomu yake ya kaboni imeandamana na nne za haidrojeni, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Kwa joto lilelile, hewa ukaa hupungua kwa karibu robo ukilinganisha na petroli. Balaa ni methani inayovuja kabla ya kuungua. Kwa kipindi cha miaka 20, kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo ya hewa ukaa, kwa hiyo uvujaji mdogo tu kisimani au kwenye mabomba unatosha kuila nafuu yote.

Ethanoli, mafuta ya alkoholi yanayotengenezwa kwa mimea, nayo hutoa hewa ukaa, lakini kaboni yake ilikuwa hewani msimu uliopita tu, mmea ukaivuta. Brazil imeendesha mpango wa ethanoli ya miwa tangu 1975, na viwanda vyake huchoma makapi ya miwa hiyohiyo kupata nishati. Mahindi ya Marekani hayana bahati hiyo: yanadai mbolea nyingi na joto la kiwandani. Na ukifyeka msitu ili upate shamba la mafuta ya gari, umejitwika deni la kaboni la miaka mingi. Hapo heri ungebaki na petroli.

Gari la haidrojeni linatoa mvuke wa maji tu. Usione vyaelea, vimeundwa: haidrojeni nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe. Kilo moja itokanayo na gesi huacha nyuma kilo 9 au 10 za hewa ukaa, nayo hulifikisha gari dogo kilomita 100 hivi.

Umeme ndio wenye ubishi mkubwa. Gusa boneti ya gari la petroli lililotoka safarini: joto lile ni mafuta uliyoyalipia yasiyokusogeza hata hatua. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, ndiyo maana yuniti 18 hivi zinatosha kilomita 100. Lakini yuniti inayotokana na makaa ya mawe huja na karibu kilo nzima ya hewa ukaa, kwa hiyo safari hiyo ina kilo 18. Gari la petroli linalokula lita 7 hutoa 16. Kwa haki, petroli ilichimbwa, ikasafishwa na kusafirishwa, na hayo hayamo kwenye zile 16, tuseme wanakaribiana. Nchini Norway, ambako umeme karibu wote ni wa maji, kilo 18 hizo zinakaribia sifuri.

Kuna pia betri: kuitengeneza hutoa hewa ukaa nyingi, hivyo gari la umeme hutoka kiwandani likiwa na deni kubwa la kaboni kuliko mwenzake wa petroli. Hulilipa barabarani, haraka pale umeme ulipo safi, polepole pale penye makaa. Mtambo wa makaa ukifungwa, magari yote ya umeme yanayoutegemea huanza kusafika bila kubadilishwa hata nati. La petroli litaendelea na kilo zake 2.3 kwa kila lita mpaka liende kwa wauza vyuma chakavu.