Lauk ni nini? Kitoweo cha Waindonesia kwenye meza ya phinisi

Kwa Kiindonesia mpunga ni padi, mchele ni beras, na wali ni nasi. Mswahili haoni ajabu hapo, maana na yeye ana majina matatu yanayolingana na hayo moja kwa moja. Chochote unachotowelea huo wali huitwa lauk: samaki, kuku, nyama, yai, tofu. Tafsiri yake iliyo karibu kabisa ni kitoweo.

Mboga za majani zina jina lao, sayur, na pilipili ya kusaga ina lake, sambal. Ukitaka kutaja vitoweo vya kila aina kwa mkupuo mmoja unasema lauk-pauk. Bara kwetu mtu akiuliza "leo mboga nini?" anaweza kujibiwa "nyama", na hakuna anayecheka. Kiindonesia hakiendi hivyo. Kinafanana zaidi na Kiswahili cha pwani, ambako kitoweo ni kitoweo na mboga ni mboga.

Na neno lenyewe si geni upande wetu wa bahari. Wamalagasi, ambao lugha yao inatokana na ya mabaharia waliovuka kutoka visiwa vya Indonesia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hadi leo wanaita kitoweo cha wali laoka. Wali kwao ni vary. Mama wa Antananarivo anapouliza watoto watakula laoka gani leo, anatumia neno lilelile la mama wa Sumatra, limebadilika ncha tu.

Kwa nini nalieleza neno hili badala ya kutaja vyakula vitamu tu? Kwa sababu msafiri anayepanda chombo cha kifahari aina ya phinisi pale Labuan Bajo, magharibi ya kisiwa cha Flores, hupewa menyu yenye rendang, sate lilit (mishikaki ya nyama au samaki wa kusagwa), ikan bakar, gado-gado (mboga kwa mchuzi wa karanga), kila kimoja kikiwa na mstari wake kana kwamba kinajitegemea. Anachagua kimoja, anakila chote, anashangaa mbona kimezidi chumvi au pilipili. Ni sawa na mtu aliyeletewa bakuli la mchuzi wa papa akalinywa kama supu. Chakula hicho kilipikwa kwa hesabu ya kijiko kimoja cha kitoweo kwa matonge mawili matatu ya wali.

Phinisi, kwa asiyeijua, ni chombo cha Sulawesi Kusini chenye milingoti miwili na kwa desturi matanga saba. Mafundi wa Bulukumba, hasa wa Tana Beru na Bira, bado wanaviunda ufukweni kwa mbao, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zamani vilibeba shehena, kama majahazi yetu. Siku hizi vingi vina vyumba vyenye viyoyozi na hubeba watalii kwenda visiwa vya Komodo, Rinca na Padar, au mbali zaidi, Raja Ampat na Banda. Jiko la chombo ni dogo, friji ina mipaka, na kisiwa chenye soko kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Hapo ndipo lauk inapoonyesha akili yake.

Chukua rendang. Ni chakula cha Waminangkabau wa Sumatra Magharibi. Nyama ya ng'ombe inakatwa mapande, inatiwa kwenye tui zito pamoja na pilipili, vitunguu, tangawizi, mchaichai, majani ya mmea wa manjano na lengkuas, mzizi wa jamii ya tangawizi wenye harufu kama ya msonobari. Inachemka kwanza ikiwa na mchuzi mwingi. Hapo inaitwa gulai. Ukiendelea, tui linapungua, mafuta ya nazi yanajitenga na kuelea, rangi inageuka hudhurungi. Hiyo ni kalio. Mpishi mvivu huishia hapo. Mwenye subira anapunguza moto na kugeuza bila kuchoka, saa nne au zaidi tangu alipoanza, hadi nyama inaanza kukaangika katika mafuta ya tui lake lenyewe na viungo vinaishikilia kama udongo mweusi. Sasa ndiyo rendang, nayo hukaa siku nyingi bila friji. Wanaume wa Kiminang wana desturi ya merantau, kuondoka kwao kwenda kutafuta maisha, na rendang ilikuwa masurufu ya njiani. Kwa hiyo ikiwekwa mbele yako katikati ya bahari imefika mahali pake. Ila ukiletewa yenye mchuzi unaotiririka, hiyo ni kalio, hata menyu ingeandika nini.

Samaki ni habari nyingine, kwa sababu wanapatikana safi. Ikan bakar maana yake ni samaki wa kuchoma tu: chewa au kolekole anapasuliwa, anapakwa viungo na kecap manis, ile sosi nyeusi ya soya iliyokolezwa sukari hadi ikawa nzito, kisha anawekwa juu ya makaa. Aliyekula samaki wa kupaka Mombasa ataijua mbinu, ingawa ladha inaelekea kwenye utamu. Labuan Bajo kwenyewe watu wanapenda zaidi kuah asam, mchuzi mwepesi wa samaki, wa manjano na mchachu. Uchachu huo mara nyingi unatoka kwenye belimbing wuluh. Hiyo ndiyo mbirimbi yetu, mti uleule na jina linalokaribiana, nao asili yake ni visiwa vya huko. Baada ya asubuhi nzima ya kuogelea kwenye maji ya chumvi, mimi ningeanza na huu mchuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Sambal inahitaji aya yake. Si kitoweo kamili, lakini bila yake wengi wanahisi meza haijakamilika. Ya kawaida inasagwa kwenye cobek, kinu bapa cha jiwe kama sahani, kwa pilipili, chumvi na terasi, ambayo ni uduvi uliochachushwa ukakandwa. Terasi mbichi inanuka. Ikichomwa kidogo na kusagwa inageuka kitu kingine kabisa. Bali wana sambal matah, isiyopikwa: vitunguu vidogo vyekundu na sehemu laini ya mchaichai vinakatwa vyembamba sana, vinachanganywa na pilipili, chumvi na ndimu, halafu vinamwagiwa mafuta ya nazi ya moto. Sulawesi Kaskazini wana dabu-dabu, na hapo sina la kueleza sana, ni kachumbari iliyoongezwa pilipili. Kwenye vyombo vya kifahari wapishi huwa wanaipunguza makali kwa kumhurumia mgeni. Ukitaka ya kwao wenyewe, sema pedas, yaani kali, nao watafurahi.

Kuna namna ya kuandaa meza ambayo phinisi nyingi zinaiga bila kuitaja. Kwenye migahawa ya Padang, yaani ya hao Waminangkabau, mhudumu anakuja na sahani zimepangwa mkononi juu kwa juu kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, anazitandaza zote mbele yako, na unalipia ulizogusa tu. Waholanzi wakati wa ukoloni waliuchukua mtindo wa vitoweo vingi wakaufanya maonyesho: rijsttafel, "meza ya wali", yenye safu ya watumishi, kila mmoja na sahani yake. Buffet ya kwenye sitaha, jua linapozama nyuma ya Padar, ni mjukuu wa vyote viwili.

Nina kipimo changu cha mpishi wa chombo: je, ameweka tempe? Hiyo ni soya iliyochachushwa kwa ukungu mweupe ikashikana kuwa kama kipande cha jibini, asili yake Java. Ni kitoweo cha bei nafuu, cha kila siku nyumbani, na kwa sababu hiyo baadhi ya wapishi huona aibu kuiweka kando ya kamba wakubwa. Ikikatwa nyembamba, ikakaangwa ikauke, kisha ikazungushwa kwenye kecap manis na pilipili, kamba wanasubiri.

Msafiri Mwislamu hatapata shida kubwa, kwani Waindonesia wengi ni Waislamu, lakini aulize anapokuwa Bali, ambako nguruwe wa kubanika, babi guling, ni chakula cha heshima, na Flores, ambako wengi ni Wakatoliki. Kula kwa mkono wa kulia kunakubalika. Bakuli dogo la maji lenye kipande cha ndimu ni la kunawia, si la kunywa.

Saa kumi jioni, watu wakirudi kutoka kupiga mbizi, huletwa pisang goreng, ndizi zilizochovywa kwenye unga na kukaangwa, bado za moto. Mtu anaweza kula sita na bado mabaharia watamwambia hajala. Huko husemwa kwamba hujala kama hujala wali, na ndizi si nasi wala si lauk.

Asubuhi mpaka huo unavunjika. Wali uliolala, ambao umekauka na punje zake zimeachana, unatupwa kwenye karai la moto pamoja na vitunguu, pilipili, kecap manis na mabaki ya kuku wa jana. Kitoweo kimeingia ndani ya wali, na jina linakuwa moja: nasi goreng. Juu yake yai la kukaanga, pembeni kerupuk mbili, vile vipande vikavu vya unga vilivyokaangwa, na chombo kinang'oa nanga.