Jakaranda haitoi maua? Acha kwanza kuijaza mbolea

Jamani hii ya kusema jakaranda isipochanua basi ina njaa, iwekewe samadi na maji kila jioni, tuiache, inaniuma sana nikiona mti mzuri unaharibiwa hivyo. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inasukuma majani, mti unanawiri kweli, kijani mpaka raha, lakini maua huyaoni.

Huu mti asili yake ni Argentina na Bolivia, umezoea kipindi cha ukavu halafu mvua, na ndo maana hapa Nairobi unachanua kuanzia kama Septemba hadi Novemba, mara nyingi matawi yakiwa karibu hayana jani. Angalia zile za barabarani zinavyomwaga maua mpaka lami inageuka zambarau, nani anazimwagiliaga? Mche mdogo sawa, mpe maji mwaka wa kwanza na wa pili mpaka mizizi ishike, baada ya hapo upunguze.

Halafu kuna umri. Ukiotesha kwa mbegu unaweza kungoja miaka 7 au zaidi, na kama umeupanda kivulini mwa mwembe utangoja sana, unataka jua kama masaa sita hivi kwa siku. Na msiukate kichwa kila mwaka tafadhali, ukikatwa hivyo unatoa machipukizi yaliyosimama wima kama fimbo na lile umbo lake la mwavuli linapotea. Toa tu matawi yaliyokauka na yanayosuguana.