Je, wajua Denmark haina sheria ya kima cha chini cha mshahara? Sasa muuza baga kule analipwaje vizuri?

Ukisikia Denmark unawaza nchi ambayo serikali imepanga kila kitu, kumbe kwenye sheria zao hakuna hata mstari unaosema mfanyakazi yeyote alipwe angalau kiasi gani. Wajerumani, na uchumi wao mkubwa vile, wamepata kima cha chini cha nchi nzima juzijuzi tu, 2015, yuro 8.50 kwa saa. Denmark mpaka leo hawana na hawakitaki, na kinachochekesha ni kwamba vyama vya wafanyakazi navyo havikitaki. Umoja wa Ulaya ulipopitisha maagizo ya kima cha chini 2022, Denmark ilikimbilia mahakamani kuyapinga.

Inakuwaje? McDonald's walifungua Denmark 1981 wakagoma kusaini mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa. Na kisheria hawakuwa na kosa, maana mkataba ni hiari. Basi vyama vikavumilia weee, mwisho wa 1988 vikachoka. Kule unaruhusiwa kugoma kwa ajili ya wenzako hata kama bosi wako wewe hajakukosea kitu, kwa hiyo watu wa bandarini wakakataa kushusha makontena yenye vifaa vya McDonald's, wachapaji wakakataa kuchapa menyu na vikombe, madereva hawapeleki chakula, mafundi ujenzi wakaacha jengo nusu. Sasa hapo hata ukiwa na hela utauzaje soda bila kikombe? 1989 wakasaini. Ndo maana bei ya kazi ya kaunta kule inatoka mezani, kati ya chama na waajiri. Utaratibu wenyewe ni wa zamani, ulianzia Septemba 1899 baada ya waajiri kuwafungia wafanyakazi nje karibu siku 100.

Ila msidhani mfanyakazi kule hagusiki, hapana, kumpunguza mtu kazi Denmark ni rahisi kuliko Ufaransa. Tofauti ni kwamba ukipunguzwa, kama ulikuwa unachangia mfuko wa wasio na kazi, unalipwa mpaka miaka 2 huku ukisukumwa kusoma au kutafuta kazi nyingine (wanakusukuma kweli, sio kukaa tu). Mfano ni mji wa Odense, jirani yake kulikuwa na karakana ya meli ya Lindø iliyounda Emma Mærsk, 2006 ikiwa ndio meli kubwa kuliko zote za makontena duniani. Miaka mitatu tu baadaye wakatangaza kufunga sababu Asia wanaunda kwa bei ya chini, na 2012 meli ya mwisho ikatoka. Leo Odense inajulikana kwa maroboti.

Sasa huu mfumo una tundu, na mimi naona ndilo litakalowasumbua: mkataba unamlinda aliyemo ndani yake tu. 2018 kule Padborg, mpakani na Ujerumani, walikutwa madereva wa malori kutoka Ufilipino wanalala kwenye vibanda uani, wanaendesha barabara za Ulaya, ila kwenye makaratasi mwajiri wao ni kampuni iliyosajiliwa Poland.