Ukinzani wa ndani wa kapasita ni nini?

Oskiloskopu ya mtumba, yaani chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, ikigoma kuwaka wakati wa baridi, kisha ikawaka baada ya kuachwa kwenye umeme kwa muda, fundi mzoefu huanza kushuku kapasita, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji, za pawasaplai, sehemu inayokilisha chombo umeme. Kinachomtia shaka hasa ni ukinzani wake wa ndani.

Kapasita yoyote hufanya kazi kana kwamba imeunganishwa kwa mfuatano na rezista ndogo (kijenzi kinachozuia mkondo) iliyofichwa ndani yake. Katika kapasita za elektroliti, sehemu kubwa ya ukinzani huo hutokana na kimiminika kinacholowanisha karatasi iliyo kati ya mikanda ya alumini. Kikikauka, ukinzani hupanda. Kikipata joto, ukinzani hushuka, na ndiyo sababu chombo kilichogoma kikiwa baridi huamka baadaye. Lakini joto hilohilo ndilo linalokikausha: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu.

Tuseme mkondo wa ampea 2 unapanda na kushuka ndani ya kapasita. Ukinzani ukiwa omu 0.05, joto linalozalishwa ni wati 0.2 tu. Ukifika omu 1, ni wati 4, na kapasita inajipika yenyewe. Volti nazo huanza kuyumba, na mstari wa oskiloskopu hutetemeka kwenye skrini.

Hapa ndipo wengi hupotea. Maltimita inaweza kuonyesha kwamba uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji bado uko karibu na ule ulioandikwa ubavuni, kumbe ukinzani umeshapanda mara nyingi. Kinachohitajika ni mita ya ukinzani wa ndani, ambayo mara nyingi hupima kwa mawimbi ya takribani kilohezi 100. Volti zake ni ndogo kiasi cha kutoziamsha daiodi na transista, hivyo unaweza kupima bila kung'oa kapasita kwenye bodi. Ila kapasita mbili zikiwa zimeunganishwa sambamba, nzima huificha mbovu.

Kabla ya kupima, chomoa waya wa umeme na utoe chaji kwa kutumia rezista, usitumie bisibisi. Kapasita kubwa ya pawasaplai ya kisasa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300, na hizo zinaua.

Sipendi kabisa tabia ya kubadilisha kapasita zote kwa mkupuo. Bodi ya zamani ikichomwa kwa chuma cha kulehemu mara nyingi, njia zake za shaba hubanduka, na ubovu mpya huzaliwa pale palipokuwa pazima. Pima, kisha badilisha iliyochoka kwa yenye uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, na kiwango cha kuhimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi. Ukinzani mdogo kupita kiasi nao una shida zake: baadhi ya regyuleta, vijenzi vinavyotuliza volti, huhitaji ukinzani kidogo kwenye kapasita ya upande wa kutokea umeme, la sivyo huanza kutoa mawimbi zenyewe.