Katika paneli ya sandwichi, anzia kwenye kiini

Wanaoniletea michoro ya paneli za sandwichi, yaani ngozi mbili nyembamba zilizogundishwa pande mbili za kiini chepesi, huuliza kwanza kuhusu ngozi za nje: ni za nyuzi za kaboni au za kioo, na zina tabaka ngapi. Mimi huuliza kwanza kuhusu kiini na gundi.

Paneli inapopinda, ngozi moja huvutwa na nyingine hugandamizwa, ilhali kiini, kiwe povu, balsa (mbao nyepesi sana) au sega la aramidi (nyuzi imara za viwandani), huzitenganisha na kubeba nguvu ya mkato, ile inayotaka kutelezesha ngozi moja dhidi ya nyingine. Ukakamavu wa paneli, yaani ukinzani wake dhidi ya kupinda, hukua takriban kwa mraba wa umbali ulio kati ya ngozi hizo. Umbali ukizidishwa mara 2, ukakamavu hukaribia mara 4, na uzito huongezeka kidogo tu. Hiyo ndiyo faida yote, na ndiyo pia inayotuponza, kwani ngozi nyembamba mno haiwezi kustahimili mgandamizo isiposhikiliwa na kilicho chini yake.

Kiini kikiwa laini, ngozi hukunjamana ghafla katika mawimbi mafupi, mara nyingi kabla nyuzi zake hazijafikia kikomo cha nguvu. Kanuni inayotumika sana hukadiria mkazo unaoikunjamanisha ngozi kuwa nusu ya kipeuo cha tatu cha zao la vipimo vitatu: ukakamavu wa ngozi, ukakamavu wa kiini, na ukinzani wa kiini dhidi ya mkato. Kwa hiyo anayenunua nyuzi zenye ukakamavu mara 2 hupata nyongeza ya takriban asilimia 26, ilhali anayechagua povu zito zaidi, ambalo vipimo vyake vyote viwili ni mara 2, hupata karibu asilimia 59. (Povu, kwa kawaida, ndilo la bei nafuu.)

Hitilafu ninayoihofia zaidi ni ngozi kuachana na kiini, kwa kuwa haionekani. Kitu kizito kikiangukia paneli, ngozi yaweza kurudi mahali pake huku kiini kimepondeka, na mwanya huo ukakua kila mzigo unaporudiwa. Mwaka 2005, ndege aina ya Airbus A310 iliyotoka Cuba ikielekea Kanada ilipoteza karibu usukani wake wote wa mkiani, ambao ulikuwa wa sandwichi, ikiwa angani, lakini ilitua salama. Wachunguzi wa Kanada walitilia shaka utaratibu wa ukaguzi uliokuwapo. Kugonga kwa sarafu na kusikiliza mlio hufichua mwachano ulio chini ya ngozi nyembamba, lakini ule wa upande wa pili wa kiini kinene huhitaji mawimbi ya sauti yapitishwe kutoka ngozi hadi ngozi.