Msongo wa kazi kwa walimu wa shule za msingi: yanayodhaniwa na yaliyopo

Dhana: Mwalimu wa shule ya msingi hufanya kazi nusu siku.

Kengele ya kutokea humaliza siku ya mwanafunzi, si ya mwalimu. Hapa Tanzania uwiano uliowekwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini utekelezaji wa elimumsingi bila malipo ulipoanza mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa darasa la kwanza, jambo jema kabisa, ila vyumba na ajira za walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 120 akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, zoezi moja la kuhesabu litamchukua saa mbili, na hilo ni somo moja la siku moja. Ndiyo maana jioni utamkuta mkekani, rundo la madaftari upande huu na andalio la somo la kesho upande wa pili, kalamu nyekundu mkononi, ilhali wiki hiyo hiyo ana zamu na kesho lazima awahi shuleni kabla ya watoto kushika mafagio.

Hata hivyo, madaftari siyo yanayochosha zaidi. Kinachomkaa mwalimu moyoni ni kumjua kwa jina mtoto wa dawati la nyuma ambaye bado hawezi kuunganisha silabi, na kujua pia kwamba kipindi kitakwisha kabla hajamfikia.

Dhana: Ualimu ni wito, kwa hiyo anayelemewa hana moyo wa kazi.

Mara nyingi anayelemewa ni yule aliyejitoa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu mkubwa wa kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo, na halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Mwalimu aliyezoea kuanza kipindi kwa wimbo, ambaye siku hizi anaandika ubaoni na kuketi kimya, asiitwe mvivu kabla hajaulizwa ana vipindi vingapi kwa wiki.

Dhana: Mshahara ukipanda, msongo utakwisha.

Mshahara una uzito wake na walimu wana haki ya kuudai, lakini haupunguzi watoto darasani, wala haumsogezi karibu mwenza aliyepangiwa kazi mkoa mwingine.

Dhana: Bila fedha za serikali, shule haiwezi kufanya lolote.

Mwalimu mkuu anaweza kugawa vipindi kwa haki, kumpunguzia zamu mwalimu mwenye mtoto mchanga, kuruhusu baadhi ya mazoezi yasahihishwe kwa pamoja ubaoni, na kumwita kando mwalimu aliyekosea badala ya kumkaripia mbele ya wanafunzi wake.