Goti Limevimba Baada ya Mechi? Acha Kuchua: Maswali Kuhusu Kapeti, Nyasi na Majeraha

Kapeti ni nini hasa?

Ni nyasi bandia: nyuzi za plastiki zilizojazwa mchanga na chembe za mpira katikati yake, mara nyingi mpira wa matairi chakavu. Viwanja kama Karume pale Ilala, Nyamagana Mwanza na Kaitaba Bukoba vimewekewa, achilia mbali vile vidogo vya kukodi kwa saa.

Ni kweli kapeti linaumiza kuliko nyasi za asili?

Wachezaji wengi wanaamini hivyo. Mwaka 2014 baadhi ya wanasoka wanawake wa kimataifa walifungua shauri nchini Kanada wakipinga Kombe la Dunia la 2015 kuchezwa kwenye nyasi bandia. Baadaye wenyewe wakaliondoa shauri, mashindano yakachezwa humo humo. Hata hivyo, tafiti za timu za kulipwa za Ulaya hazikuona tofauti kubwa katika jumla ya majeraha kati ya kapeti zuri na nyasi nzuri. Zingatia hilo neno "zuri". Kapeti lililochakaa, mpira wake umeisha na mchanga umegandamana, ni habari nyingine. Na uwanja wa nyasi wenye mashimo na udongo mkavu usijisifu.

Kinachonikera zaidi ni njumu. Mtu anaingia kwenye kapeti na meno marefu ya uwanja wa tope. Meno yananasa, anageuka kuufuata mpira, mwili unakwenda, mguu unabaki. Goti ndilo linalolipa. Kwenye kapeti vaa njumu zenye meno mafupi na mengi.

Nimegeuka peke yangu, goti likalia "ta!", na kabla ya kulala lilikuwa limevimba. Nichue?

Hapana. Usichue, usikande kwa maji ya moto, usimpe mtu alivute. Goti linalovimba ndani ya saa chache mara nyingi lina damu ndani, na mara nyingi kilichokatika ni kano ya msalaba ya mbele, ile inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele. Hiyo hukatika bila hata kuguswa na mpinzani. Ukichua au kukanda kwa moto siku hizo za mwanzo unaongeza damu na uvimbe.

Toka uwanjani. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu, usiukanyagie. Kisha nenda hospitali, kesho isipite. Kama goti limepinda, mguu umepoa au umekufa ganzi, nenda sasa hivi, usiku huo huo: huenda mshipa wa damu umeumia.

Uvimbe umeisha wenyewe baada ya wiki mbili na nakimbia vizuri. Si nimepona?

Hujapona. Uvimbe huisha hata kano ikiwa imekatika. Kukimbia moja kwa moja hakulidai goti sana, subiri ugeuke. Linaachia, unaanguka, na kila linapoachia linaweza kusaga vile vikombe vya gegedu ndani yake. Wagonjwa wengi ninaowapokea wamefika baada ya miezi, paja la mguu mmoja limenywea kuliko la pili, na kabla yangu wameshapita kwa wachuaji watatu.

Lakini eksirei ilionyesha niko sawa.

Eksirei inaonyesha mifupa. Kano haionekani humo. Rudi, mwambie daktari maneno haya: "nilisikia mlio, lilivimba siku ile ile, linaniachia." Atalipima kwa mikono na akiona haja atakuandikia MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha na kano.

Lazima nipasuliwe?

Si kila mtu. Wapo wanaoendelea kwa mazoezi pekee, hasa wasiorudi kwenye michezo ya kugeukageuka. Ukipasuliwa, usitegemee mechi kabla ya miezi 9.

Na michubuko ya kapeti?

Osha mapema kwa maji safi na sabuni, funika. Dawa ya meno na majivu si dawa ya kidonda. Usichangie taulo wala wembe: mwaka 2003 wachezaji wa St. Louis Rams, timu ya futiboli ya Marekani, walipata majipu ya bakteria sugu yaliyoanzia kwenye michubuko ya namna hii. Kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, uliza ukifika kituoni.

Kocha anasema fainali ya ndondo ni Jumamosi: nifunge bandeji, nichome sindano ya maumivu, nicheze?

Hapana, kwa mara nyingine. Sindano inazima maumivu, haiungi kano. Mwambie kocha amweke mwingine, na hiyo nauli ya kwenda uwanjani ikupeleke hospitali.